Vilima vya Mbarara: Mwongozo wa Kutembelea Ikulu, Makaburi ya Wafalme na Makanisa Makuu Ukitokea Nakivale

Mtu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale akiaga kuwa kesho anaenda Mbarara, jirani huuliza nani anaumwa. Safari ya mjini ni ya hospitali ya rufaa, ya benki, ya kununua mzigo wa duka, au ya kufuatilia karatasi. Shughuli ikiisha, mtu anakimbilia paki ya taksi asije akalala njiani. Ndiyo maana wapo watu waliokaa makazini miaka kumi na zaidi, wameenda Mbarara mara nyingi, na hawajawahi kupanda kilima hata kimoja cha mji ule.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutenga siku moja ya kwenda kutazama. Utaona mahali palipokuwa ikulu ya mfalme wa Ankole, makaburi ya wafalme wawili wa mwisho, kanisa kuu la Waanglikana la Ruharo na kanisa kuu la Wakatoliki la Nyamitanga. Makanisa hayatozi kiingilio. Gharama yako kubwa ni nauli, maji na chakula cha mchana.

KWA NINI UJISUMBUE

Sababu ya kwanza ni ardhi unayoikalia. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na miaka hiyo Ankole ilikuwa bado na mfalme wake, Omugabe Gasyonga II. Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 ni miongoni mwa watu wa kwanza kukaa pale, na nchi iliyowapokea ilikuwa na ngoma ya kifalme, mahakama za machifu na ikulu juu ya kilima. Isingiro, wilaya ambayo Nakivale imo ndani yake, ni sehemu ya kiini cha ufalme huo tangu enzi za kale. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini wenyeji wanazungumzia malisho, maji na mipaka ya ardhi kwa uzito wanaouweka.

Sababu ya pili ni watoto wako. Wanasoma shule za Uganda, na historia ya Ankole watakutana nayo darasani. Aliyesimama Kamukuzi, kilima cha ikulu, hana haja ya kukariri jina la mfalme Kahaya.

Ya tatu sitaifafanua sana: mkimbizi naye ana haki ya kutembea ili aone kitu kizuri, bila kuwa mgonjwa.

KWANZA ELEWA VILIMA

Kuna mji mdogo kisiwani Sicily, Italia, uitwao Noto. Januari 1693 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa zamani, na wakuu wake wakajenga mpya umbali wa kilomita chache, kwa mtindo wa baroko: mawe ya rangi ya asali, ngazi pana, roshani zenye nakshi za sura za watu na wanyama. Kanisa kuu liko upande mmoja wa barabara kuu, na jumba la utawala wa mji limesimama mbele yake, ng'ambo ya pili. Mgeni akisimama katikati anasoma siasa ya mji mzima kwa kugeuza shingo tu: dini huku, utawala kule, na familia za matajiri zimejipanga kandokando.

Mbarara nayo inasomeka hivyo, ila hapa kazi iliyofanywa na barabara kule Noto imefanywa na vilima. Ikulu ilikaa Kamukuzi. Waanglikana wako Ruharo, upande wa barabara ya Bushenyi. Wakatoliki wako Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Usiende kutafuta nakshi za Italia, utarudi umekasirika. Nenda ukajiulize nani alipewa kilima gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kukigawa.

Zamani Omugabe hakuwa na ikulu ya kudumu. Makao yake, orurembo, yalikuwa boma kubwa la nyumba za miti na nyasi na mazizi ya ng'ombe, nayo yalihama. Malisho yakiisha yalihama, mfalme akifa yalihama, ugonjwa ukiingia yalihama. Mfalme aliyemiliki ng'ombe wengi hakuwa na sababu ya kujifunga kwenye kuta za mawe. Ntare V, aliyefariki mwaka 1895, alitawala namna hiyo. Waingereza walipofungua kituo chao Mbarara mwishoni mwa miaka ya 1890 walimtaka mfalme anayepatikana anapotafutwa. Mkataba wa Ankole ulitiwa saini mwaka 1901, na Kahaya II akatulia Kamukuzi. Kwa hiyo ukifika Kamukuzi, kumbuka kwamba hata kuta za ikulu zenyewe ni habari: ni dalili ya mfalme aliyezuiwa kuhama.

Makanisa yalifuata. Kahaya na waziri wake mkuu, Nuwa Mbaguta, walibatizwa mwaka 1902 katika dini ya Kiprotestanti, na Ruharo ikawa kilima kilicho karibu na wakubwa. Wamisionari Wakatoliki, White Fathers, walijijengea upande wa pili wa mto. Mashindano ya Ulaya kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, yaleyale yaliyozaa makanisa ya baroko baada ya Mtaguso wa Trento wa 1545 hadi 1563, yalisafiri mpaka ukingo wa Rwizi na kupata vilima viwili vya kutazamana.

KABLA YA KUONDOKA NAKIVALE

1. Chagua siku. Jumanne hadi Alhamisi ndizo bora. Jumapili makanisa yamejaa na hutaweza kuzunguka. Jumamosi kuna harusi. Tazama pia ratiba ya makazi: usisafiri siku ya mgao wa chakula au pesa, wala siku ya uhakiki wa bloku yako. Ukikosa uhakiki, usumbufu wake unaweza kuendelea kwa miezi.

2. Tazama majira. Mvua kubwa huwa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Barabara ya murramu kutoka makazini inateleza, na safari ya asubuhi inaweza kukufikisha mjini adhuhuri.

3. Andaa karatasi. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, kile halisi, na nakala ya karatasi ya familia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa uhuru wa kutembea nchini, pamoja na masharti ya kiutawala. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo kitambulisho ndicho cha muhimu. Ukipanga kulala huko, au ukiongoza kundi, mwarifu mwenyekiti wako wa baraza la ustawi wa wakimbizi (RWC) na upite ofisi ya komandanti wa makazi kuuliza kama barua inahitajika.

4. Uliza nauli kwa watu wawili tofauti siku moja kabla. Bei hupanda mafuta yakipanda na mvua ikinyesha, kwa hiyo namba ya kuandikwa hapa ingekudanganya. Nauli ya kurudi itenge mfuko mwingine, na usiiguse hata ukiona kitenge cha bei nafuu.

5. Ondoka alfajiri. Lengo ni kuwa mjini kabla ya saa tatu asubuhi.

+ + +
KISANDUKU: VYA KUBEBA
☐ Kitambulisho halisi na nakala ya karatasi ya familia
☐ Nauli ya kurudi, imetengwa
☐ Noti ndogondogo za bodaboda na za sadaka
☐ Chupa ya maji, na chapati au mandazi ya njiani
☐ Kitambaa cha kufutia vumbi la viatu na uso
☐ Nguo ya heshima: suruali ndefu au sketi ya kupita magoti, mabega yamefunikwa
☐ Kofia au mwavuli
☐ Daftari na kalamu
☐ Simu iliyochajiwa, yenye muda wa maongezi
+ + +

Hilo la kitambaa si la mzaha. Ukifika kanisani umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mlinzi atakutazama mara mbili.

LUGHA NA SALAMU

Kiswahili kinaeleweka na watu wengi Mbarara, hasa sokoni na kwenye paki. Ila kwa Waganda wa umri fulani lugha hii ina kumbukumbu ya askari na vizuizi vya barabarani, kwa hiyo usianze nayo kwa mzee. Anza na Kinyankole: "Agandi, ssebo" kwa mwanamume, "Agandi, nyabo" kwa mwanamke. Wewe ukisalimiwa hivyo, jibu "Ni marungi." Shukrani ni "Webare." Baada ya hapo uliza kama anaelewa Kiswahili. Mara nyingi utajibiwa kwa Kiswahili na kwa tabasamu, na milango itafunguka.

Usipite kwa mlinzi, mtunza bustani au mwanamke anayefagia bila kumsalimu. Hao ndio wenye funguo, na mara nyingi ndio wenye hadithi.

MPANGILIO WA SIKU

1. Anza na Nyamitanga. Asubuhi, baada ya Misa, kanisa huwa wazi na tulivu. Chukua bodaboda kutoka paki, patana bei kabla ya kupanda, na ukubali kupanda mmoja tu kwa pikipiki moja. Hili ndilo kanisa kuu la Bikira Maria wa Lourdes, kiti cha Jimbo Kuu la Mbarara. Mbarara ilifanywa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1999, na majimbo ya Kabale, Kasese, Fort Portal na Hoima yamo katika kanda yake. Pita kwanza ofisi ya parokia, jitambulishe, sema umekuja kuona na kusali. Ukiwa Mwislamu au wa kanisa jingine, sema hivyo bila wasiwasi. Hakuna atakayekufukuza kwa sababu ya dini.

Kabla ya kuondoka, tafuta mahali pa kuutazama mto. Maji ya Rwizi yanayopita chini ya kilima hiki yanateremka mashariki kwenye mabwawa na maziwa ya Mburo na Nakivale. Taka zinazotupwa mtoni hapa mjini zinaelekea upande wenu.

2. Nenda Ruharo. Wengi wa Nakivale wanaijua Ruharo kwa hospitali yake ya misheni na matibabu ya macho. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, la Dayosisi ya Ankole, liko kilima hichohicho, na wapo waliotibiwa pale wakaondoka bila kuliona. Shule ya Mbarara High School, iliyoanzishwa mwaka 1911, iko eneo hilo pia. Usiingie kwenye shule bila ruhusa. Itazame ukiwa nje. Angalia tu jinsi kanisa, shule na hospitali zilivyopangwa mahali pamoja. Mmisionari alijenga kijiji kizima ili mtu asome, atibiwe na abatizwe bila kushuka kilima.

Hapa mkimbizi ana habari yake pia. Kosiya Shalita, askofu wa kwanza Mwafrika wa Waanglikana wa eneo hili, alizaliwa Rwanda na kulelewa Ankole.

3. Kula mchana mjini. Pumzika kivulini angalau nusu saa. Vilima vya alasiri vinachosha kuliko vya asubuhi.

4. Panda Kamukuzi. Ofisi za serikali ziko upande huu, na ikulu ya zamani imo katika eneo hilihili. Usitarajie jumba linalong'aa. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilifuta falme zote za Uganda, Gasyonga akavuliwa utawala, na ikulu ikachakaa. Tazama ukiwa nje mpaka upate mtu wa kukuruhusu kuingia. Nyumba iliyochakaa ina mbao zilizooza, vioo na nyoka; mtoto asiachwe kukimbia humo.

5. Malizia na Nkokonjeru. Hapa wamezikwa Kahaya II, aliyefariki mwaka 1944, na Gasyonga II. Mwambie dereva wa bodaboda "makaburi ya wafalme, Nkokonjeru", na akisita, mwombe aulize wazee na si vijana wenzake. Ukifika, tafuta mtunzaji, na umwulize kama viatu vinavuliwa na kama picha zinaruhusiwa. Mpe shukrani ndogo mwishoni, mkononi, bila kuhesabu mbele za watu.

Usikimbie Nkokonjeru kwa sababu ni padogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito kuliko Kamukuzi. Zamani mwili wa Omugabe haukuzikwa kwenye saruji. Ulipelekwa Ishanze, huko Isingiro, na wazee husimulia kuwa mfalme aliyefariki aligeuka simba akaingia msituni. Kahaya alibatizwa, akaishi ikulu isiyohama, akazikwa kaburini chini ya paa. Makaburi mawili tu, na yanaonyesha mapinduzi ambayo kitabu kingeyahitajia sura nzima. Tena huo msitu wa simba uko wilaya yako, si Mbarara.

6. Rudi paki ifikapo saa kumi. Magari ya kuelekea Isingiro na Nakivale huondoka yakijaa, na jioni yanajaa polepole. Ukichelewa utauziwa bodaboda ya usiku kwa bei ya kuumiza, kwenye barabara isiyo na taa.

JINSI YA KUSOMA JENGO

Watu wengi wakiingia kanisa kubwa hutazama juu, husema "ni kubwa", hupiga picha na kutoka. Fanya polepole. Simama mlangoni, halafu ujiulize maswali haya. Yatakufaa Nyamitanga na Ruharo, na yangekufaa Noto.

Kwa nini hapa? Geuka ulipe jengo mgongo. Unaona nini? Mto, ikulu, barabara kuu, kanisa la wapinzani? Aliyejenga juu alitaka aonekane, na alitaka pia kuona.

Macho yanaelekezwa wapi? Makanisa ya baroko ya Kikatoliki, kuanzia kanisa la Gesù la Roma lililotabarukiwa mwaka 1584, yalifungua ukumbi mmoja mpana ili kila muumini aone altare. Ukiwa Nyamitanga tafuta altare, tabernakulo, na picha za Njia ya Msalaba ukutani. Hesabu, huwa 14. Ukifika Ruharo tafuta mimbari, mahali pa Biblia, mahali pa ubatizo. Kwa Wakatoliki Misa ndiyo moyo wa jengo, kwa Waanglikana ni neno linalosomwa na kuhubiriwa. Ukisimama dakika tano katika kila moja, tofauti utaiona kabla hujaelezwa.

Limejengwa kwa vifaa gani, na nani alibeba? Tofali la kuchoma lina historia ya jasho. Udongo ulichimbwa, ukakanyagwa, ukachomwa, na waumini wakabeba kwa vichwa mpaka juu. Kabla ya matofali yalikuwapo makanisa ya matete na nyasi. Kule Kampala, kanisa la Namirembe liliangushwa na upepo mwaka 1894, na jingine lililojengwa baadaye likaungua kwa radi mwaka 1910. La sasa lilikamilika mwaka 1919. Yule wa Nakivale anayesali chini ya turubai asijione yuko nyuma ya historia; yuko pale ilipoanzia.

Ni majina ya nani yameandikwa? Soma vibao, mawe ya msingi, makaburi ya maaskofu. Nakili majina na miaka kwenye daftari. Kisha jiulize ni nani hajaandikwa: wachoma matofali, wapishi, makatekista kutoka Buganda waliotembea kwa miguu kuja kufundisha.

Ni kipi kipya, ni kipi cha zamani? Angalia rangi ya mabati, saruji iliyozibwa, madirisha yasiyofanana. Na usishangae ukiona mjini majengo ya zamani ni machache. Mwishoni mwa Februari 1979 jeshi la Tanzania liliiteka Mbarara katika vita dhidi ya Idi Amin, na majengo mengi ya mji yalilipuliwa kulipiza yale yaliyofanywa na majeshi ya Amin huko Kagera, Tanzania, mwaka uliotangulia. Mji unaouona leo umejengwa juu ya vifusi hivyo. Noto walijenga baada ya tetemeko, Mbarara baada ya mizinga.

Jengo likitunzwa vibaya halisamehe, hata Ulaya. Kuba la kanisa kuu la Noto liliporomoka Machi 1996, na kanisa halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2007. Ufa mdogo ukutani si wa kupuuzwa, iwe ni kanisa la mawe au shule ya bloku yako.

+ + +
KISANDUKU: TAHADHARI ZA PICHA
• Usipige picha askari, polisi, vizuizi, kambi za jeshi wala nyumba anayofikia Rais. Kamukuzi kuna maeneo ya serikali, uliza kwanza.
• Ukipita barabara ya Masaka, kuna kambi ya jeshi ya Makenke. Simu iwe mfukoni.
• Ndani ya kanisa usipige picha wakati wa ibada, wala usimpige picha mtu anayesali.
• Wagonjwa wa Ruharo si mandhari. Usielekeze kamera upande wa hospitali.
• Ukiambiwa ufute picha, futa mbele yake, omba radhi, endelea na safari.
+ + +

MAKOSA YANAYOFANYWA SANA

Kutaka kuona vyote, na Igongo juu yake. Kituo cha utamaduni cha Igongo kiko Biharwe, kama kilomita 12 kutoka mjini kwenye barabara ya Masaka, na kina makumbusho mazuri ya maisha ya Ankole. Karibu nacho, juu ya kilima, kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520, siku ambayo jeshi la Bunyoro linasimuliwa kuwa lilitishwa na giza likakimbia na kuacha ng'ombe waliotekwa. Panastahili siku yake. Pale kiingilio kipo, na nyumba za makumbusho mara nyingi huwa na bei tofauti kwa wanafunzi na kwa watu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa. Ukibakiwa na chochote, onja eshabwe, ile samli nyeupe ya Wanyankole.

Kuanzisha mjadala wa kurudisha ufalme. Mwaka 1993 Buganda na Toro walirudishiwa wafalme wao, na Bunyoro mwaka 1994. John Barigye, mwana wa Gasyonga, alitawazwa Novemba 1993, na serikali ikakataa kumtambua. Alifariki mwaka 2011 bila kutambuliwa. Wapo Wanyankole wanaotaka ufalme, wapo wanaoukumbuka kama utawala wa Wahima, wafugaji, juu ya Wairu, wakulima, na wote wawili unaweza kuwakuta kwenye benchi moja. Sikiliza, uliza juu ya zamani, usitoe hukumu. Mgeni akichagua upande katika ugomvi wa nyumba, huwa wa kwanza kuonyeshwa mlango.

Kuwaamini watu wanaojiita waongozaji mlangoni. Kwenye makanisa na makaburi huhitaji mwongozaji wa kulipwa. Unahitaji ruhusa ya ofisi au ya mtunzaji. Mtu akidai ada, mwombe risiti.

Kuchanganya safari na mambo mengine. Ukisema utapita hospitali mara moja halafu uende Nyamitanga, hutafika Nyamitanga. Foleni itaimeza siku.

UKIONGOZA WATOTO AU KIKUNDI

1. Pata idhini ya maandishi ya kila mzazi au mlezi, yenye jina la mtoto na namba ya simu.
2. Andika barua fupi kwa parokia na kwa ofisi ya dayosisi wiki mbili kabla: ninyi ni nani, ni wangapi, mnakuja lini.
3. Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi kumi. Kila mtoto ajue namba moja ya simu kwa kichwa.
4. Chagua vituo viwili tu. Nyamitanga na Nkokonjeru vinatosha kwa watoto wa shule ya msingi.
5. Mpe kila mtoto swali moja la kurudi nalo. Mwenye swali hasumbui.
6. Kama kuna watoto Waislamu, Wakristo wa madhehebu mbalimbali na wasio na dini, waeleze wazazi mapema kwamba ni ziara ya historia, na hakuna atakayelazimishwa kupiga magoti.

UKISHARUDI

Andika siku hiyohiyo. Nusu ukurasa inatosha: uliona nini, nani alikueleza, jina gani ulilisoma ukutani.

Kisha fungua ukurasa mwingine uandike juu ya Nakivale yenyewe. Makazi haya yana umri wa zaidi ya miaka 60, yana makanisa na misikiti ya Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, na sehemu kubwa ya historia yake iko vichwani mwa watu tu. Chagua jengo moja la ibada lililo karibu nawe. Pima urefu na upana wake kwa hatua. Uliza lilianza mwaka gani, chini ya mti au turubai, nani alitoa bati la kwanza, nani alibeba matofali, na waliotangulia wako wapi. Maswali ni yaleyale uliyouliza Ruharo.

Usingoje mwakani. Wazee wanaoyajua haya wanapata safari za nchi ya tatu, wengine wanarudi kwao, wengine wanazikwa. Mtafute mmoja wiki hii, ukiwa na daftari mkononi.